GESI HAINA KOSA, JIKO CHAFU!

Ndugu Wanaushirika,

Yapo maneno humu kijijini eti gesi inatia sufuria masizi, bora turudi kwenye mkaa. Uongo mtupu! Moto wa gesi ni wa buluu. Ukiona wa njano, matundu yamezibwa na tui la nazi lililomwagika juzi. Funga koki, jiko lipoe, vua kichwa chake, sugua kwa brashi na sabuni, zibua matundu, anika likauke.

Na nyie mnaotafuta gesi inayovuja kwa kibiriti, mnataka tuwazike? Paka povu la sabuni kwenye maungio. Likivimba, inavuja: mtungi nje, mbali na moto.

Akina baba, mitungi ya kilo 6 mliipigia makofi. Brashi nayo shikeni!

Katibu