Mbona Mimi Sijaulizwa?

Ukitaka kuzima mjadala wowote wa utafiti wa maoni hapa Njiro, Arusha, uliza tu: "Wewe walishawahi kukuuliza?" Kila aliyepo atatikisa kichwa, na papo hapo itatolewa hukumu kwamba takwimu zimepikwa. Swali hilo nimelisikia kwa bodaboda, kwa wahasibu na kwa wahadhiri. Wanaolitoa hujiona watu wasiodanganyika kirahisi. Mimi nasema ni imani potofu, na imetugharimu.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2020 wapiga kura walioandikishwa nchini walikaribia milioni 30. Utafiti wa watu 1,500 waliochaguliwa kwa bahati nasibu unamfikia mmoja kati ya takriban 20,000. Kwa hiyo utafiti safi kabisa utakupita wewe, mkeo, jirani zako na mtaa mzima, na bado matokeo yake, mara 95 katika 100, yatakuwa ndani ya asilimia mbili na nusu hivi, juu au chini, ya hali halisi. Kutoulizwa kwako hakuthibitishi lolote.

Wafanyabiashara wa mahindi hawahitaji somo hili. Mnunuzi hamwagi gunia zima chini. Anachoma bambo ubavuni, anatoa kiganja cha punje, anazitazama, anang'ata moja, kisha anataja bei. Hofu yake si uchache wa punje, ni mahali zilikotoka, kwa sababu muuzaji mjanja huweka mahindi mazuri mdomoni mwa gunia na yaliyobunguliwa katikati.

Marekani walijifunza hilo kwa aibu mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilikusanya majibu ya watu zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Orodha za jarida hilo zilitoka kwa kiasi kikubwa kwenye vitabu vya simu na usajili wa magari, yaani kwa wenye nafuu, tena katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Ni sawa na kugonga kila geti la Njiro ukadhani umeisikia Arusha. Utakuwa umeisikia Njiro. Unga Limited, Ngarenaro na Muriet hujawasikia, hata ukigonga mageti elfu kumi.

Sasa tukumbuke 2015. Edward Lowassa, mbunge wa Monduli kwa miaka mingi, alitoka CCM akagombea urais kwa tiketi ya Chadema chini ya Ukawa. Mikutano yake ilijaa hadi ikaitwa mafuriko, na Arusha tulisambaziana picha za nyomi kana kwamba ni masanduku ya kura. Septemba, Twaweza, shirika linalofanya tafiti za maoni, wakatangaza utafiti wao uliofanywa kwa simu: Magufuli wa CCM asilimia 65, Lowassa 25. Wakatukanwa. Oktoba, Tume ya Uchaguzi ikatangaza 58.46 kwa 39.97, matokeo ambayo Lowassa aliyakataa.

Kwa matokeo hayo rasmi, utafiti ulimtaja mshindi sawasawa, lakini ulimpunja Lowassa karibu pointi 15. Kosa hilo ni kubwa kuliko bahati nasibu inavyoweza kueleza, na hapo ndipo penye maswali ya maana. Simu zilipigwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, kampeni zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Je, ni wangapi waliobadili mawazo baadaye? Ni nani wasio na simu? Ni wangapi walioogopa kumwambia mgeni wa kwenye laini kwamba wanaiacha CCM? Haya yanapimika, na mtafiti anaweza kubanwa kwayo. "Mbona mimi sijaulizwa" halimbani mtu.

Wakenya nao mwaka 2022 waliona kampuni ya utafiti ya Ipsos ikimpa Raila asilimia 47 na Ruto 41 siku chache kabla ya kura ya urais, na Ruto akatangazwa kwa 50.49. Watu wakasema basi tafiti ni upuuzi. Lakini nafasi kati ya wawili hao ilikuwa ndogo kuliko jumla ya waliokataa kujibu na waliokuwa hawajaamua. Takwimu ilisema wazi kwamba sehemu hiyo haijulikani. Wasomaji ndio walioiruka.

Gharama niliyoitaja ni hii. Julai 2018 Twaweza walitangaza kwamba wanaomkubali Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016, hadi 71, hadi 55. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ikawaandikia barua ya kuhoji kibali, na pasipoti ya mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa. Septemba mwaka huohuo Bunge likabadili Sheria ya Takwimu hata kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali likawa kosa la jinai, kifungu kilicholegezwa mwaka 2019. Mitaani hapakuwa na kelele, na sishangai. Tulikuwa tumejifundisha kwa miaka kwamba tafiti zote ni za kupikwa, sasa nani angesimama kutetea kitu alichokwisha kukidharau?

Aliyeudhiwa na ile 55 alikuwa na njia ya kujibu: achague watu wake, awaulize maswali yaleyale, atangaze alivyowapata na lini. Tungeziweka namba mbili mezani tukazilinganisha. Badala yake tulibaki na picha za nyomi.