Donati ya Amsterdam itapimwa bandarini

Mwezi Aprili 2020, wakati biashara nyingi za Ulaya zikiwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, jiji la Amsterdam nchini Uholanzi lilitangaza kuwa litaongoza uchumi wake kwa mfumo uitwao donati. Ni rahisi kwa mfanyabiashara kulicheka jina hilo. Hata hivyo, yaliyotokea baadaye katika soko la kakao yanaonyesha kuwa hesabu yake si ya kuchekwa. Pia yanaonyesha mahali ambapo jiji hilo bado lina deni.

Mfumo huo ulibuniwa na mchumi wa Uingereza, Kate Raworth, aliyeueleza kwanza mwaka 2012 kupitia shirika la Oxfam, kisha katika kitabu chake cha mwaka 2017. Picha yake ni andazi lenye tundu. Duara la ndani ni mahitaji 12 ya lazima, kama vile chakula, maji, nyumba, afya, elimu na kipato. Asiyeyapata ameangukia tunduni. Duara la nje ni mipaka 9 ya mazingira. Uchumi unatakiwa uendeshwe katikati ya maduara hayo, pasipo kumwacha mtu tunduni wala kuvuka ukingo.

Amsterdam ilijipima na kukuta haijatimiza upande wowote. Karibu asilimia 20 ya wapangaji walikuwa hawamudu mahitaji yao ya lazima wakishalipa kodi ya nyumba. Hewa ukaa ilikuwa imezidi kiwango cha mwaka 1990 kwa asilimia 31, na asilimia 62 ya hewa hiyo ilitokana na vifaa vya ujenzi, vyakula na bidhaa kutoka nje ya jiji. Ndipo likaweka lengo la kupunguza matumizi ya malighafi mpya kwa nusu ifikapo 2030, na kufikia 2050 kila kinachotumika kirudishwe kazini badala ya kutupwa.

Kwa mfanyabiashara, malengo hayo ni taarifa ya soko. Jiji likisema halitaki saruji nyingi mpya, limekwisha kumwambia mwenye mbao, mtengeneza vifaa vilivyotumika na mkandarasi ni zabuni za aina gani zinakuja. Mwaka huo huo wa 2020 duka moja la vyakula mjini humo lilianza kuonyesha bei halisi: kilo ya mboga iliongezwa senti 6 kwa ajili ya hewa ukaa, senti 5 kwa madhara ya kilimo kwa mazingira na senti 4 ili mfanyakazi alipwe haki yake. Senti 15 kwa kilo hazimfilisi mlaji.

Mtihani mkubwa, hata hivyo, uko bandarini. Bandari ya Amsterdam huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani kwa kupokea kakao, na sehemu kubwa ya shehena hutoka Afrika Magharibi. Jiji lenyewe, katika tathmini yake, lilikiri kuwa kakao hiyo huzalishwa kwa kazi ngumu yenye ujira duni. Lakini bei yake haipangwi na madiwani. Hupangwa katika masoko ya London na New York.

Ghana na Côte d'Ivoire zilijaribu kuinua kipato cha mkulima kwa kudai nyongeza ya dola 400 za Marekani kwa kila tani kuanzia msimu wa 2020/21. Nyongeza ilikubaliwa, lakini wanunuzi wakabana malipo mengine ya ziada yanayotolewa kwa ubora na asili ya kakao. Alichopewa mkulima kwa mkono mmoja kikapunguzwa kwa mwingine.

Gharama yake ilionekana mwaka 2024. Mikakao iliyozeeka ambayo mkulima hakuwa na fedha ya kuipanda upya, magonjwa ya miti na hali mbaya ya hewa vilishusha mavuno, na bei ikapita dola 10,000 kwa tani. Wasindikaji na watengeneza chokoleti walibanwa. Mkulima naye hakufaidi kwa wakati, maana mazao mengi yalikuwa yamekwisha kuuzwa kabla kwa bei ya zamani. Baadaye bei iliporomoka tena.

Hilo ndilo somo la donati kwa mwenye mtaji. Mkulima aliyeachwa tunduni na ardhi iliyochoshwa ni hasara ambayo haijaandikwa kwenye vitabu, na siku ikiandikwa huwa kubwa. Amsterdam imesifiwa sana, na majiji kama Copenhagen na Brussels yalianza kuifuata mwaka huo huo wa 2020. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zitastahili pale gharama ya kumwinua mkulima itakapoingia katika mikataba ya ununuzi, badala ya kubaki katika taarifa za jiji.

Mwekezaji mdogo anayetafakari hisa za kampuni inayojigamba kwa mazingira hana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kutoa fedha yake: malighafi yake inatoka kwa nani, na je, bei anayolipwa mtu huyo inamwezesha kupanda tena?