Mwimbaji na Mfuko Wetu



Katika mkutano mmoja wa tawi mwezi uliopita, mwenzetu alisimama akashauri ya kwamba tuache kusumbuana juu ya michango ya mfuko wa misiba. Alisema tumtafute mwimbaji mwenye jina kubwa, atuimbie usiku mmoja, na mfuko utajaa wenyewe. Watu wakapiga makofi. Sisi hatukupiga, na leo twataka kueleza sababu.

Si kwamba twawadharau waimbaji. Wako waliosaidia watu kwa kweli, na mmoja wao alitusaidia sisi Wakenya. Jina lake ni Harry Belafonte, aliyezaliwa New York mwaka 1927 na kufariki mwaka 2023. Mama yake alitoka Jamaica, akifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu. Yeye mwenyewe alikuwa msaidizi wa mtunza nyumba za kupanga kabla ya kupata jina. Na wimbo uliompa sifa duniani mwaka 1956 ulikuwa wimbo wa makuli wa Jamaica, waliokesha usiku wakipakia ndizi melini. Kwa hivyo hata utajiri wake ulianza katika jasho la wafanya kazi.

Mwaka 1959 ndugu yetu Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanya Kazi la Kenya, alikwenda Marekani kuomba nafasi za masomo. Serikali ya kikoloni haikutupa nafasi za kutosha za masomo ya juu, na Uhuru ulikuwa karibu. Nani angeendesha nchi? Vyuo vya Marekani vikakubali kuwapokea vijana wetu, lakini nauli haikuwepo. Ndipo Belafonte, pamoja na mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, walipotia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Maelfu walichanga, wengi wao kidogo kidogo. Mwezi wa Septemba mwaka huo ndege iliyokodiwa ikaondoka Nairobi na vijana 81.

Lakini tuangalie vizuri, ndugu. Belafonte hakuianza kazi hiyo. Aliikuta. Mboya alikuwa amekwisha zungumza na vyuo. Wanafunzi walikuwa wamekwisha andika barua zao. Wazazi na majirani huku kwetu walikuwa wakichanga senti katika karamu za chai ili kijana wao asiende mikono mitupu. Mwimbaji alitia bega lake kwenye mzigo ambao watu walikuwa wamekwisha uinua.

Na hivyo ndivyo alivyofanya kwao pia. Mwaka 1964 vijana waliokuwa Mississippi wakiwaandikisha watu weusi kupiga kura waliishiwa na fedha, na wenzao watatu walikuwa wameuawa. Belafonte akakusanya dola 70,000, akazitia katika mkoba wa daktari, akazipeleka mwenyewe hadi Greenwood pamoja na Poitier. Usiku ule motokaa za wabaya wao ziliwafukuza barabarani. Fedha zilifika. Lakini zilifika mikononi mwa watu waliokuwa na kamati, na orodha, na kazi iliyokuwa ikiendelea. Kama vijana wale wangalikaa tu wakimngojea mwimbaji, mkoba ule ungalipelekwa kwa nani?

Hata mwaka 1985, njaa ilipowaua watu Ethiopia, Belafonte ndiye aliyetoa wazo la kuwakusanya waimbaji wakubwa wa Marekani waimbe wimbo mmoja. Wimbo ule ulileta zaidi ya dola milioni 60. Ilikuwa kazi njema sana. Lakini njaa ni msiba wa ghafula. Mazishi ya wenzetu si jambo la ghafula, maana kila mwaka twajua yatakuja. Mtu asiyeweka akiba kwa jambo analolijua hawezi kusema amepatwa na ajali.

Iko sababu nyingine. Mwimbaji ni mfanya kazi. Sisi tunaokataa kufanya ovataimu ya bure, kwa nini twataka yeye na wapiga gitaa wake wakeshe bure kwa sababu sisi hatukulipa michango yetu? Akitoa kwa moyo wake, tutamshukuru. Kumdai atoe ni jambo jingine.

Kwa hivyo twashauri hivi. Kwanza, kila mwanachama amalize michango ya nyuma kabla ya mkutano ujao. Pili, hesabu ya mfuko ibandikwe ubaoni, kila mtu aione, maana wengine hawalipi kwa kuwa hawajui fedha zao ziko wapi, na hilo ni kosa letu viongozi. Tatu, hayo yakiisha, tumwalike mwimbaji, tupatane naye malipo yake mapema, na tucheze mpaka asubuhi.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Belafonte aliisaidia ndege iliyokuwa tayari na abiria. Je, ndugu, sisi tuko tayari?