Gumbo Pika, Lakini Mbuzi Uikalie Wewe

Wadau, mwezi huu simu yangu imejaa gumbo. Kila nikifungua namkuta msee wa Marekani na sufuria kubwa kama pipa, amwaga kamba, kaa na soseji ndani ya mchuzi mweusi kama kahawa, halafu aonja akifumba macho. Nanyi mwanitumia, na swali ni lile lile: hii yaweza kupikwa Mombasa, nyumbani, kutoka mwanzo? Yaweza. Tena hapa kisiwani yaweza kutoka tamu kuliko huko, manake kamba wetu hawajasafiri. Lakini hilo neno "kutoka mwanzo" nina ugomvi nalo, na leo nataka niugombe hadharani.

Kwanza tumalize mambo ya jina, manake kuna wanaosema ati hiki ni chakula cha wazungu na sisi twaiga tu. Gumbo ni ya Louisiana, na New Orleans ndio mji wake. Neno lenyewe wataalamu wengi hulirudisha kwa Wabantu wa Angola, ambao bamia huiita kingombo. Kibantu, yakhe! Lugha jamaa ya hii tunayoongea. Meli za kwanza zilizowapeleka Waafrika utumwani Louisiana zilifika 1719, na ujuzi wa bamia na mpunga ulivuka bahari na watu hao. Wachoctaw, wenyeji wa ile nchi, wakatia unga wa majani ya mti wa sassafras. Wafaransa wakatia ufundi wao wa kukaanga unga kwenye mafuta. Kwa hivyo yale mabenda unayoyasukuma kando ya sahani kila mamako akipika ndiyo yaliyoipa jina sufuria unayoililia kwa simu. (Mabenda ndiyo bamia, kwa wadau wa bara.)

Sasa ugomvi wangu.

Sisi tunaotengeneza vidio za chakula twapenda sana neno "asili". Twaonyesha kinu, chungu, mbuzi ya nazi, seredani yafuka moshi, taarab yalia kwa mbali. Mikono inayoonekana ni ya mama mtu mzima, ina hina. Uso wake hauonekani, na malipo yake hatuyataji. Halafu twaandika: chakula cha nyanya hakina mpinzani. (Nyanya hapa ni mama wa mamako. Ya kupikia kwetu ni tungule, msichanganye.) Na wavulana ndio wa kwanza kulalamika, ati wasichana wa siku hizi hawajui kukuna nazi, wafungua pakiti tu. Maze, we wajua?

Hebu tuhesabu. Nazi mbili za mchuzi, mbili za wali, hizo ni nne. Uzifue, uzivunje, maji uyakinge. Ukalie mbuzi, miguu umeitanua, uzungushe kifuu mkononi kwenye yale meno mpaka nyama yote nyeupe ianguke kwenye sinia. Ukikaribia kifuu uache, manake ukikuna ile ngozi ya kahawia tui latoka chafu. Utie maji ya vuguvugu, ukamue, uchuje kwa kifumbu, hilo tui zito uliweke kando. Utie maji tena, ukamue tena, hilo ndilo la kasimu, jepesi, la kuanzia kupikia. Chicha inayobaki wape kuku. Hapo saa nzima ishakwenda, mgongo wauma, na moto hujawasha bado.

Zidisha hiyo kazi kwa Ramadhani nzima. Kati ya alasiri na magharibi pita vichochoro vya Mji wa Kale, kila dirisha lanukia. Nyuma ya kila dirisha kuna mama, dada, shangazi, wote wamefunga kama wewe, koo zimekauka kama yako. Na wewe na wenzako mko nje ya Fort Jesus ama Mama Ngina mwapunga upepo, mwangoja adhana. Nasema hivi nikijua kuna watu watakasirika. Sawa, kasirikeni.

Na msiniletee habari ya mila, ati mwanamume wetu haingii jikoni. Harusi ikiwa kubwa, pilau na biriani ya masufuria mapana kama beseni la kuogea mara nyingi hupikwa na wanaume, tena kwa malipo, na twawaita mafundi. Mishkaki ya usiku barabarani, wanaume. Halua, ule mwiko mrefu wa kukoroga mpaka jasho litiririke, wanaume. Mkono wa mwanamume wa Mombasa wajua mwiko vizuri sana, ikiwa kuna pesa ama kuna macho ya watu. Ni pale jikoni nyumbani, pasipo na pesa wala kamera, ndipo mila hukumbukwa ghafla.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Anayetaka ladha ya mbuzi, mbuzi aikalie mwenyewe. Dadako akitoka kazini saa kumi na mbili jioni siku ya Jumanne akapikia tui la pakiti, kula, shukuru, nyamaza. Blenda nayo sina shida nayo hata kidogo. Nazi ikikatwa vipande ikasagwa na maji ya vuguvugu, tui latoka zuri, na sidhani kuna nyanya angeipata zamani akaikataa. Pakiti ina tofauti, sitawadanganya: huwa imetiwa vitu vya kulizuia tui lisijitenge, ndiyo sababu lachemka bila wasiwasi, lakini ile harufu ya nazi mbichi haimo. Hiyo ni tofauti ya ladha. Si tofauti ya adabu ya mwanamke.

Tena kwenye gumbo, nikiulizwa mimi, "kutoka mwanzo" si nazi. Ni supu. Hapo ndipo wengi wenu mwaibiwa, manake mwatumbukiza mchemraba wa dukani na mwatupa vichwa vya kamba. Vichwa ndio utamu wenyewe!

Nenda soko la samaki la Mji wa Kale, karibu na bandari ya zamani, ama Liwatoni. Nenda asubuhi. Nunua kamba wenye vichwa vyao. Kichwa kikiwa cheusi ama chaning'inia, muage. Wale wakubwa watakuwa wameshachukuliwa na watu wa hoteli, usijali, wadogo ndio wa mchuzi na bei yao yaweza mwanafunzi. Kaa awe hai na mzito kwa umbo lake. Jike lenye mayai tumboni mrudishie muuzaji, yule ndiye kaa wa mwaka ujao. Samaki chukua chewa, minofu yake haivunjiki ovyo, macho yang'ae, matamvua yawe mekundu. Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki sana na bei hupanda. Usishindane na kusi. Ngoja kaskazi iingie, bahari itulie. Mabenda, thomu, uzile na pilipili mtapata Marikiti, mkiwa hapo mnuse kila kitu kabla ya kulipa.

Kwa watu sita mimi huchukua nusu kilo ya kamba, kaa watatu, nusu kilo ya chewa na robo ya mabenda. Menya kamba. Vichwa na maganda vikaange na mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu na jirani aanze kuchungulia, tia maji lita mbili, kitunguu, tangawizi, chemsha dakika 20. Ponda vichwa kwa mwiko vitoe kila kitu, chuja. Onja kijiko kimoja cha hiyo supu, halafu uniambie kama utanunua mchemraba tena.

Halafu unga. Nusu kikombe cha mafuta, nusu kikombe cha unga wa ngano, moto mdogo, koroga. Koroga tu. Usijibu simu. Dakika 30 mpaka 45 hivi unga watoka rangi ya mchanga, waja rangi ya njugu, waja kahawia iliyoiva. Ukiona vidoa vyeusi ushaungua, huo haurekebishiki, mwaga uanze upya. Hakuna njia ya mkato hapa na sitawatafutia. Ukifika dakika ya 25 bega laanza kukusimulia mambo, mfikirie fundi wa halua. Mfikirie mamako pia.

Unga ukiiva tia vitunguu, pilipili hoho na thomu palepale. Wao hutia na seleri, mimi hutia shina la dania. Tungule, huko kwao kuna wanaotia na kuna wanaogomba wakiona, mimi natia mbili. Mimina supu kidogo kidogo huku wakoroga, tia uzile na pilipili, acha ichemke taratibu nusu saa. Mabenda yakaange pembeni kwanza, utelezi upungue. Soseji yao ya andouille ni ya nguruwe iliyofukizwa moshi, kwetu haipiti. Badala yake tia kipande cha papa mkavu, umemroweka na kumwosha chumvi. Wallahi ule ukali wake wa chumvi na bahari wafanya kazi ya soseji na zaidi. Kaa watangulie, dakika 10. Chewa, dakika 5. Kamba mwisho kabisa, dakika 3, wakijikunja zima moto, usiwafanye raba.

Nazi? Wamarekani hawatii. Mimi nashusha moto, natia kikombe kimoja cha tui zito, nakoroga polepole lisikatike, nakamulia ndimu. New Orleans wangenifukuza mjini. Kibokoni wangeniuliza mbona kikombe kimoja tu. Kula na wali mweupe, na uache sahani moja ya aliyekuwa akipika miaka yote hii bila kuulizwa kama amechoka.

Kitu kimoja bado. Vipimo vyangu hivi nimeviandika kwa vikombe na dakika makusudi. Muulize nyanya yako mchuzi wa kamba watiwa chumvi kiasi gani, atakujibu "kiasi". Tui kiasi gani? "Kiasi." Yeye hakunyimi siri, mkono wake ndio unaojua, na mkono hauandiki. Kaa naye siku moja na kikombe cha kupimia, kila akishika kitu mzuie, pima, andika, aendelee. Atakutukana kidogo, mpe muda. Wengi wetu tuna vidio mia za watu wa New Orleans tusiowajua, na hatuna hata moja ya mwanamke aliyetulisha, yenye uso wake na sauti yake akieleza kazi yake mwenyewe.

Jumamosi hii nipo soko la samaki saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Wavulana watatu wa kwanza watakaokuja na mbuzi zao kwapani, kaa nawanunulia mimi.