Neno la Mhariri: Ardhi Tele, Wasio na Ardhi Tele

Toleo hili linahusu ardhi na matabaka katika makoloni ya Waingereza Amerika ya Kaskazini, nami naanza kwa kuipinga hadithi iliyozoeleka, kwamba kule ardhi ilikuwa tele na jasho lilitosha kumtoa mtu kwenye ufukara. Virginia inasema vingine. Tangu 1618 koloni hilo lilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyevushwa bahari, lakini hazikwenda kwa aliyevuka; zilikwenda kwa aliyemlipia nauli. Tajiri aliyeleta watumishi 20 alijipatia ekari 1,000, tena akawatumikisha kwenye mashamba ya tumbaku kwa mkataba wa miaka minne hadi saba. Wengi walikufa kabla ya mkataba kwisha. Aliyesalimika alitoka na mahindi na nguo kidogo, akakuta ardhi nzuri ya kando ya mito, ambako meli zilipakia tumbaku, imeshachukuliwa. Ama apange kwa kabaila, ama asogee mpakani akagombane na wenyeji waliokuwa wamekwisha kunyang'anywa pwani yao. Mwaka 1670 bunge la koloni likawanyima kura walio huru wasio na ardhi wala nyumba.

Miaka sita baadaye Nathaniel Bacon aliongoza uasi dhidi ya Gavana William Berkeley, na Jamestown, makao makuu, ikateketezwa. Wapo wanaokataa kuuita huu mgogoro wa kitabaka. Bacon, wanasema, alikuwa tajiri na mjumbe wa baraza la gavana, na watu wake waliwashambulia hata wenyeji wa kabila la Pamunkey waliokuwa na amani na koloni. Ni kweli, na asitokee wa kumvika Bacon kilemba cha mtetezi wa wanyonge. Ila nia ya kiongozi ni jambo moja, hesabu za wafuasi ni jingine. Bacon alikufa kwa ugonjwa Oktoba 1676, na uasi haukufa naye. Nahodha Thomas Grantham, aliyetumwa kuwashawishi waasi wasalimu amri, alieleza kwamba waliokataa katakata kuweka silaha chini walikuwa Waafrika wapatao 80 na watumishi Waingereza wapatao 20, bega kwa bega.

Wenye mashamba hawakujibu kwa kugawa ardhi. Waliongeza watumwa wa Kiafrika, kisha wakatunga sheria za kuwatenganisha wale waliosimama pamoja. Sheria ya 1705 ilimpa mtumishi Mzungu mahindi, fedha na bunduki mkataba ukiisha. Mwafrika, hata aliye huru, aliadhibiwa kwa kumwinulia mkono Mkristo Mzungu. Ng'ombe, farasi na nguruwe wa watumwa wakaamriwa kutwaliwa na kuuzwa, fedha ziwaendee maskini wa parokia.

Wanahistoria wengine watasema ni soko tu: watumishi kutoka Uingereza walipungua, na biashara ya watumwa ikapanuka ukiritimba wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika ulipovunjwa 1698. Soko linaeleza kwa nini watumwa walinunuliwa. Halielezi kwa nini bunge la matajiri lihangaike na nguruwe wa mtumwa. Maskini Mzungu alipewa mali ya aliye chini yake ili asiitazame ya aliye juu yake, na iliyo juu haikuguswa: Robert Carter, mwenye mashamba wa Virginia aliyefariki 1732, aliacha ekari zipatazo 300,000.