Goma: Kununua nyumba ni kukagua ardhi na hati

Mnunuzi wa nyumba mjini Goma hutazama kwanza kuta na mabati. Hatari kubwa zaidi iko chini ya sakafu na kwenye hati.

Mlima Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002, lava ilifunika sehemu ya katikati ya mji. Baada ya mlipuko wa Mei 22, 2021, matetemeko yalipasua ardhi na kuta. Rangi mpya huficha nyufa hizo. Magharibi mwa mji, sehemu za mabondeni hukusanya mazuku, gesi ya kaboni dioksidi isiyoonekana, inayoweza kumuua mtu aliyelala chini.

Kwa sheria ya 1973, ardhi ni mali ya serikali, na haki ya mkaaji huthibitishwa na hati ya usajili. Lakini AFC/M23 inashikilia Goma tangu Januari 2025. Hati inayotolewa chini yake huenda ikakataliwa na Kinshasa. Benki nazo zilifungwa, malipo yakawa ya mkononi.

Ndiyo maana ukaguzi wa fundi pekee hautoshi. Anayedai hati ya kabla ya 2025, na kuwauliza majirani kuhusu nyufa na mazuku, anajikinga kuliko anayemwamini dalali.