Jile ya kuelea: kuivaa haitoshi, inapasa ikae

Ndugu wachimbaji, wamama wetu, na ninyi wakubwa wa kazi ambao munasoma ukurasa huu wa Kiswahili kwa siri: leo hatutasema juu ya mushahara. Tutarudi kwake, musiwe na wasiwasi. Leo tunasema juu ya jile.

Tunasema juu ya ile jile ya rangi ya machungwa yenye kutundikwa ku musumari mu kontena ya watu wa pompi. Kila mutu anayeshuka ku pontoni anaambiwa aivae. Anaivaa. Mutu wa usalama anaangalia, anaandika “sawa” mu karatasi yake, kazi inaanza. Na sisi tunasema kwamba ile “sawa” mara nyingi ni uongo, juu hakuna anayeuliza swali la pili: jile ile ni ya kipimo chake? Akianguka mu mayi, itabaki kifuani ao itapanda mupaka masikioni?

Mutu asiyejua karieri atauliza mayi na mugodi vinakutana wapi. Anafikiri adui wa muchimbaji ni jiwe na udongo. Ni kweli, lakini kwetu huku Katanga mayi ni jirani wa kila siku. Mvua inanyesha toka mwezi wa 11 mupaka mwezi wa 4, na shimo kubwa inapokea yote. Ile ya chini ya udongo nayo inatoka bila kuuliza ruhusa. KOV, karieri kubwa ya Kolwezi, iligeuka kuwa ziwa, na ilipasa kuitoa mayi kwa muda murefu mbele ya kazi kurudi. Kule Kipushi, mu mwaka 2011, pompi za chini zilishindwa na mayi ikapanda ndani ya mugodi. Kwa hiyo kuko watu ambao kazi yao ni kutembea juu ya chuma chenye kuelea, chenye mafuta na utelezi, na buti mu miguu, kaske ku kichwa, na funguo za kazi zikining’inia ku kiuno. Wengine wako ku mabwawa ya mabaki ya kiwanda. Wachimbaji wa mikono wanavuka mito na mutumbwi pamoja na mifuko ya mabwe. Na wamama wanasafisha mabwe ndani ya mayi.

Tena jamaa zetu wanasafiri. Kisha mashua kuzama mu ziwa Kivu upande wa Kalehe, mu mwezi wa 4 mwaka 2019, Raisi Tshisekedi alifika kule na kusema kila musafiri avae jile, ni lazima. Ilikuwa neno muzuri. Mu mwezi wa 10 mwaka 2024 mashua ingine ilizama mbele ya Goma, karibu kabisa na kivuko cha Kituku, watu wakiangalia toka ngambo. Kwa hiyo neno la kwanza, lile la kuvaa, bado linahitaji kurudiliwa. Lakini sisi tunataka kuongeza la pili.

Angalia vile mambo yanapita. Mayi inasukuma jile juu. Mwili unavutwa chini na buti, na funguo, na nguo zenye kulowa. Kama mikanda haishike mwili, kila kimoja kinafuata njia yake: jile inapanda, mutu anashuka. Inafika ku kidevu, inafunika kinywa na masikio, na yeye anainua mikono ili aishike. Akiinua mikono, ndipo inatoka kabisa. Watu wanakuja kuona jile inaelea peke yake, na wanasema marehemu alikuwa hajavaa. Alikuwa amevaa, lakini haikuwa ya mwili wake.

Kuko watu ambao wanajua mambo haya kupita sisi wote: wazamiaji. Kampuni moja iliwaita siku fulani kutengeneza kichujio cha pompi chini ya mayi, na sisi tulikaa ku ukingo tunawaangalia. Jile yao si sawa yetu. Ile yao inajazwa hewa na kutolewa hewa, tena inabeba chupa nzito ku mugongo. Tuliona mumoja anachukua muda murefu na jile yake mbele hata ya kugusa mayi. Kwanza alilowesha mukanda unaoshika chupa, kisha ndipo akaukaza. Tukamuuliza sababu. Akasema ule mukanda ukiwa mukavu unadanganya: unaukaza inchi kavu, ukifika mu mayi unalegea, chupa inateleza na kukugeuza ubavu. Kisha alifunga mukanda wa tumbo, ndipo akavuta ya mabega. Akajaza hewa mupaka jile ikawa ngumu sawa mupira, akavuta pumzi ndefu. Kama mbavu zinakataa kufunguka, jile ni ndogo. Akatoa hewa, akainama, akainua mikono, akajigeuza. Rafiki yake akashika chupa na kuitikisa kwa nguvu: kama chupa inacheza, wanaanza upya. Mwisho akapitisha mukanda kati ya miguu, ule ambao unazuia yote kupanda.

Na jambo ambalo lilitugusa zaidi: jile ilikuwa na jina lake. Hakuna mwingine anayeivaa.

Watu watasema mamboyo ni ya wazamiaji, wanalipwa muzuri. Lakini mayi haiangalie karatasi ya mushahara. Mutu wa pompi akiteleza usiku, mayi ni ile ile.

Sasa, ku kazi zetu, mambo yanaendaje? Jile zinafika ku depo mu katoni moja, mara nyingi kipimo kimoja, kile kikubwa, juu “kikubwa kinaingia watu wote”. Kinaingia, ndiyo. Gunia nalo linaingia watu wote. Soma etiketi ya ndani: imeandikwa kilo za mutu anayepashwa kuivaa, na upana wa kifua. Imeandikwa pia nguvu yake ya kuelea, kwa herufi N. Ile ya 50 N inainua sawa kilo 5, ni ya mutu anayejua kuogelea na ambaye wenzake wako karibu. Ile ya 100 N ni ya mayi yenye kutulia. Ile ya 150 N imetengenezwa ili imugeuze uso juu hata mutu aliyezimia, ingawa nguo nzito zinaweza kuishinda. Kwa wale wa nguo nzito na vyombo vya kazi kuko ya 275 N. Sasa utaona mutu wa buti na funguo amepewa ya 50 N, yenye rangi muzuri sana.

Namna ya kupima haiombe mashine. Vaa jile juu ya nguo zako zote za kazi, hata ile koti ya mvua, hapana chini yake. Funga vifungo vyote, hata kile cha chini ambacho kila mutu anakiacha wazi. Kaza toka kiuno, ndipo upande kifuani. Ncha ya mukanda isibaki ikining’inia, itanasa ku pompi. Kisha inua mikono juu, na mwenzako ashike mabega ya jile na kuivuta juu kwa nguvu. Kama inapita kidevu ao inafika masikioni, ni kubwa, uirudishe. Kama inabaki pahali pake na unaweza kupumua, sawa. Mukanda wa kati ya miguu, kama iko, ufungwe. Tunajua vijana wanaucheka ule mukanda, wanasema ni wa watoto wadogo. Wamuulize muzamiaji.

Tena angalia umri wake. Jile iliyokaliwa sawa kiti miaka na miaka, iliyochomwa na jua, muse ya ndani imebonyea sawa godoro la zamani. Mukanda uliochakaa unateleza mu kifungo chake polepole, na wewe hujui.

Juu ya wamama tunaomba kusema kidogo, juu hawasemewi. Jile nyingi zimekatwa kwa kifua cha mwanaume. Mama anaikaza ku kiuno, juu inabaki wazi. Ao anaikaza juu, na hawezi kupumua, basi anaifungua. Wamama wanaofanya kazi karibu na mayi wapewe nafasi ya kujaribu zaidi ya moja. Na ku mashua, mama, usikubali mutoto wako avalishwe jile ya mutu mukubwa. Atatoka chini yake sawa samaki mu mukono. Jile ya mutoto iko na kola ya kushika kichwa na mukanda wa kati ya miguu. Kama haiko, uliza mwenye mashua mbele ya kulipa, hapana kisha.

Tunajua majibu ya upande wa pili. La kwanza ni garama. Sisi tunajibu: mu katoni moja munaweza kuagiza vipimo vitatu, kazi ya kuandika kilo za watu haiombe dola. La pili linatoka kwetu wenyewe, wafanyakazi: jile inabana, inaleta joto. Ni kweli. Mu mwezi wa 10, mbele ya mvua, kuvaa muse kifuani saa nane ni mateso, na yule mwenye kuagiza kutoka ofisi yenye hewa baridi angekuja kuionja. Kuko jile nyepesi zenye kujaa peke yake na kichupa cha gazi. Ni muzuri, lakini kile kichupa kinapaswa kuangaliwa, na kikitumiwa kinabadilishwa. Mahali ambapo hakuna anayeangalia, sisi tunachagua ile ya muse yenye kipimo cha mutu, na zamu za mufupi ku pontoni ili watu wapumzike kivulini.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inamuomba mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Kumupa mutu chombo ambacho si cha mwili wake, kwetu sisi, si kumulinda. Tunaomba ma delege wa sindika waweke jambo hili mu mukutano wa kwanza wa kamati ya usalama: kila mutu wa pompi apewe jile yake yenye jina lake, na ipimwe ndani ya mayi, karibu na ukingo, kamba ikiwa mu mukono wa mwenzake. Karatasi ya “sawa” isainiwe na yule anayeivaa pia, hapana na mutu wa usalama peke yake.

Mvua inakaribia. Wiki hii, pita ku balansi ya dispansere, andika kilo zako na upana wa kifua chako ku kipande cha karatasi, na umupe delege wako. Yeye atapeleka ku depo liste moja ya watu wote.